Diske 41 na kaye moja ya nkambo

Bandugu wahitimu na wanafunzi, wengi wenu mnanijua kwa mambo ya mahindi na mbolea. Leo mahindi yapumzike. Ninataka kuandika historia kidogo ya muziki wetu wa Katanga, na historia hiyo inaanzia kwenye kosa nililolifanya mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili wa agronomia, minervale haijalipwa, na nkambo yangu mwanaume alikuwa amekufa mwaka mmoja mbele. Aliacha kisanduku cha mbao chenye diske 41. Santuri, kwa wale wa upande wa bahari. Zilikuwa nyeusi, nzito, za kuvunjika upesi kama sahani. Gramofoni ya mkono ilikuwa imeharibika zamani, kwa hiyo nyumbani zile diske hazikuwa na kazi, zilikaa chini ya kitanda na panya. Akapita mutu mmoja mwenye kununua vitu vya zamani. Akanipa dola 60 kwa zote. Nikalipa sehemu ya minervale, nikaendelea na masomo, nikajiona mwerevu.

Nkambo mwanamuke alipojua hakunigombeza. Aliuliza paka jambo moja: “Na ile ya ndoa yetu, uliitosha?”

Sikujua kama kulikuwa diske ya ndoa.

Sisi ni watu wa Mokambo. Kwa wasiojua: ni mpakani, ukivuka kizuizi unashika njia ya Mufulira, Zambia. Upande wetu inaanza ile barabara ya Pedicle, inayokata pembe ya Kongo kilomita kama 70 hadi mtoni Luapula. Magari ya Zambia yanapita nchi yetu ili yafike tena Zambia, na tangu daraja la Chembe lifunguliwe mwaka 2008 hayasubiri tena kivuko. Walamba wako pande zote mbili za mpaka. Kibemba, Kiswahili, Kifaransa kidogo, Kiingereza cha sokoni, vyote vinakaa meza moja. Muziki nao ni vilevile. Mtoto wa Mokambo anakua akisikia rumba ya Kinshasa kwenye baa, kalindula ya Luapula kwenye lori, kwaya kanisani. Hakuna anayemwambia kwamba hizo ni aina tofauti.

Nkambo alifanya kazi mgodini Mufulira. Alirudi kwetu baada ya ule msiba wa alfajiri ya tarehe 25 Septemba 1970, matope yalipoingia chini na kuua wachimbaji 89. Hakupenda kuuzungumzia. Alichopenda kuzungumzia ni diske. Nilipokuwa mdogo, gramofoni ikiwa bado nzima, alinikalisha mbele yake na kunipima masikio.

“Ni bantu ngapi banapiga gita?”

“Babili, nkambo.”

“Muntu moya. Bidole bibili. Ni Bosco uyu.”

Sikumwamini. Nilipofika inivesite njo nilijua kwamba hata wataalamu walishangaa hivyo. David Rycroft alichukua gita ya Mwenda Jean-Bosco, akaiandika noti kwa noti katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, sehemu mbili, ili aonyeshe mutu mmoja anavyoshika sauti kadhaa kwa dole gumba na kidole cha shahada.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Msiri, mfalme wa Wayeke. Msiri aliuawa Desemba 1891 wakati wazungu wa Leopold walipokuja kuchukua nchi. Wayeke walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, kwa biashara ya pembe na shaba, na Kiswahili kilitembea kwenye njia zilezile. Kwa hiyo mutu akikuambia Kiswahili chetu kililetwa na migodi tu, mwambie alisoma nusu. Migodi ilifanya kazi nyingine: ilikusanya. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906 iliita wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, baadaye Kasai na Ruanda-Urundi. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, si kutoka Léopoldville. Ninaomba tukumbuke hilo, ju linaeleza mambo mengi: kwa miaka mingi Katanga iliangalia Ndola na Johannesburg kabla ya kuangalia Kinshasa. Gita nazo zilipita njia hiyohiyo, mikononi mwa makarani na wachimbaji.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jadotville, Likasi ya sasa. Akarekodi “Masanga”. Wimbo ukatoka kwenye diske za Gallotone, kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Angalieni safari hiyo: kijana wa Bunkeya anapiga Likasi, sauti inachongwa Afrika Kusini, diske inarudi kwa treni na kuuzwa kwetu, wengine wanaibeba hadi Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda, na redio ilitumia gita yake kutangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo naye alikwenda huko, akaacha wanafunzi wengi kwa masikio. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Akarudi kwenye kazi zake za ofisi na bendi yake Super Shaba. Wanaoandika maisha yake wanasema alikuwa hata na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Hapa nisimame kidogo kwenye diske yenyewe, ju agronomu hawezi kupita bila kuligusa. Zile diske za mizunguko 78 kwa dakika hazikuwa plastiki. Ziliundwa kwa sheleki, utomvu ambao mdudu mdogo sana anautoa akiwa amekaa kwenye matawi ya miti, hasa India. Watu walikwangua matawi, wakayeyusha utomvu, wakachanganya na unga wa mawe. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Kwa hiyo wimbo wa Bosco ni wa dakika tatu kwa sababu ya mdudu wa India! Kijijini wanamuziki hawakuhesabu dakika, walipiga mpaka pombe iishe. Na gramofoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme, njo maana ilifika Mokambo miaka mingi mbele ya umeme.

Redio ilikuja ikaongeza mchanganyiko. Mwaka 1949 kule Lusaka walitoa redio ya betri ya bei nafuu, pauni 5, iliyoitwa redio ya sufuria kwa sababu ganda lake lilifanana na sufuria. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi. Alick Nkhata alifanya kazi pale. Alirekodi nyimbo za vijiji, na yeye mwenyewe aliimba kwa gita. Mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Mzee wa Mokambo mwenye Kibemba chake alisikiliza Lusaka sawasawa na mzee wa Mufulira.

Tena si kwetu tu. Mwaka 1950 Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis, Kenya, wakiimba juu ya kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mutu nusu swala. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933! Diske zake zilifika kule na gramofoni, watu wakasikia sauti inatoka kwenye sanduku, wakampatia miguu ya mnyama. Nilipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wale wasichana walifanya kazi ya historia. Walisikia sauti isiyo na maelezo, wakaipa maelezo.

Sauti isiyo na maelezo: hapo njo shida ya zamani zetu.

Wakati wa staji nilijifunza jinsi mbegu zinavyohifadhiwa. Kila mfuko una karatasi yake: imetoka wapi, siku gani, nani aliitoa, udongo gani. Mbegu iliyopoteza karatasi bado inaota, unaweza kuila, lakini huwezi kuifanyia utafiti. Haina kwao. Sasa fungueni telefoni zenu. Muziki wa zamani tunao mwingi kuliko nkambo zetu wote, na kila faili inaitwa “Zamani nzuri 07” ama “Vieux Lushois”. Mtu anakutumia Losta Abelo akisema ni Bosco, mwingine anakutumia Bosco akisema ni Mkenya. Malaika inagombewa mpaka leo: Wakenya wanamtaja Fadhili William, Watanzania wanamtaja Adam Salim, wazee wa Lubumbashi wanakuapia kwamba ni ya Masengo. Bogumil Jewsiewicki alipotoa kitabu cha muziki wa mijini wa Katanga mwaka 2003, Malaika iliingia mpaka kwenye jina la kitabu. Mimi sina hukumu juu ya Malaika. Ninasema tu kwamba ugomvi wa miaka sitini ungekuwa mfupi kama watu wangetunza karatasi.

Na karatasi ziko wapi? Nyingi ziko nje. Tracey alianzisha mwaka 1954 maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini, mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Mwaka, mahali, majina ya wapigaji: aliandika. Michael Baird alitumia rekodi hizo kutoa sidi kwenye SWP Records, moja ni ya gita za kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia miaka ya 1950. Kijitabu chake ni kizuri kuliko kitu chochote nilichosoma darasani juu ya jimbo langu. Nilisikia wivu, nakiri. Lakini nilimshukuru pia, ju mimi mwenye damu ya hapa nilikuwa nimeuza 41 kwa dola 60.

Wazambia wenzetu wamepita mulemule. Miaka ya 1970 Rais Kaunda aliagiza muziki wa redioni uwe karibu wote wa Zambia, vijana wa Copperbelt wakachukua gita za umeme na kufanya roki yao, ile wanayoiita Zamrock. WITCH walitoa diske yao ya kwanza mwaka 1972. Amanaz wakafuata mwaka 1975. Halafu bei ya shaba ikaanguka, pesa ikapotea, baadaye ugonjwa ukachukua wengi wao. Jagari, mwimbaji wa WITCH, aliishia kuchimba vito vya thamani. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalipa mamia ya dola kwa diske moja ya asili, na wengi wa Mufulira na Kitwe walijua kwamba walikuwa na hazina walipoona wageni wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Rumba ya Kongo ilikuwa na bahati zaidi. Tangu 1948 kulikuwa Ngoma ya Nico Jéronimidis kule Léopoldville, baadaye Opika na Loningisa, wakusanyaji hawakukosekana, na Desemba 2021 Unesco iliandika rumba kwenye orodha yake. Tulipiga kelele za furaha Lubumbashi nzima. Gita ya Likasi na Bunkeya hakuna aliyeitaja siku ile, hata mimi sikuitaja.

Sasa nirudi kwa nkambo.

Mwaka 2019, tukibomoa choo cha zamani nyuma ya nyumba, tulitosha kabati moja iliyooza. Ndani yake kulikuwa kaye ya shule, jalada limeliwa nusu. Mwandiko wa nkambo. Nambari 1 hadi 41. Kila mstari: jina la kampuni, nambari ya diske, alinunua wapi, mwaka gani, bei, na neno moja au mawili ya kwake. “Gita nzuri.” “Mke wa pili wa jirani alilia.” “Nimebadilishana na kuku.” Hakumaliza shule ya msingi, mzee huyu. Lakini aliandika karatasi ya kila mbegu.

Nilikaa chini, pale karibu na choo, nikasoma yote.

Kwa hiyo leo mimi nina maelezo bila sauti, na yule mununuzi, popote alipo, ana sauti bila maelezo. Sijui ni nani kati yetu aliyepata hasara zaidi. Siku nyingine ninafikiri ni yeye. Siku nyingi ninafikiri ni mimi.

Tangu pale tulianza kitu kidogo. Siku ya Mungu saa tisa, baada ya kanisa na chakula, tunakutana kwenye kiwanja cha mzee anayetengeneza redio. Tuko sita, saba. Mwalimu mmoja anapenda kalindula tu na anaweza kukueleza saa nzima kwamba jina hilo limetoka kwenye ala ya besi. Kijana wa duane analeta Zamrock, na wazee wanavumilia gita zile za kelele. Mama mmoja wa kwaya analeta nyimbo za misheni. Mwenye kiwanja ni wa African Jazz, ukimgusia mwaka 1960 atakuhadithia Indépendance Cha Cha ilivyorekodiwa Brussels, kisha atakumbuka kwamba Julai ileile Katanga ilijitenga, na hapo atanyamaza. Mimi ninaleta mstari mmoja wa kaye. Kila mtu anacheza alichokuwa anasikiliza wiki hiyo, lakini kuna sharti: kwanza useme nani, wapi, mwaka gani, kampuni gani. Kama hujui, unasema hujui, na tunaandika hivyo. Mwanzoni vijana waliona ni kama mtihani. Sasa wanagombana juu ya nambari za diske kama watu wengine wanavyogombana juu ya Mazembe na Lupopo.

Katika mistari 41 tumepata sauti za 17, nyingine kwenye sidi za Baird, nyingine kwa wakusanyaji waliotujibu kwa wema kutoka mbali, na mbili kwa mzee mmoja wa Sakania aliyekuwa na diske zilezile na hakuwahi kuziuza. Aliniangalia sana nilipomweleza habari ya dola 60. Akasema, “Mutoto, ulikuwaka na njala?” Nikasema hapana. Akanyamaza.

Mstari wa 23 unasema: “Mufulira 1958. Ndoa.” Hakuna jina la mwimbaji. Kampuni ni Gallotone, nambari ipo, lakini maji yalikula tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo ni diske moja kati ya kumi. Nkambo mwanamuke hakumbuki maneno. Anakumbuka kwamba mbele ya gita kuna muntu anakohoa, na kwamba bwana yake alirudishaka sindano mwanzoni mara mingi ili watu wasikie kile kikohozi, wacheke.

Kati ya hizo kumi tumeshapata tatu. Ninamchezea kwenye telefoni, ninaweka karibu na sikio lake la kulia, la kushoto halisikii tena. Ya kwanza alisema haiko ile. Ya pili alisema: “Hii tulichezaka, lakini haikuwa siku ile.” Ya tatu, juma lililopita, alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefungwa, nikaanza kutumaini. Akafungua macho.

“Uyu anapiga muzuri. Lakini hakohoe.”

Zimebaki saba. Mwenye Gallotone nyumbani kwao, hata iliyopasuka, aandike hapa chini nambari iliyo kwenye karatasi ya katikati. Sinunui. Ninaomba kusikiliza sekunde kumi za mwanzo.